Ngozi ya Rupia

Nimepakana na Rafaeli Mafuru ukuta kwa ukuta, hapa Kamunyonge, tangu mimi na mume wangu Samwel tulipohamia tukiwa bado na godoro moja. Namjua kwa kikohozi chake, kwa kandambili zake na kwa mdomo wake. Ni fundi saa. Bado anajiita hivyo, ingawa siku hizi Musoma nzima mtu akitaka kujua saa anatazama simu, na meza yake ya pale sokoni ina vumbi kuliko saa. Mikono anayo mizuri, hilo sitamnyima. Anashika skrubu ndogo kuliko chawa na haimtoki. Lakini moyo sijui alipewa wa nani, na sioni kwa nini nimpake mafuta leo kwa sababu tu ameinamisha kichwa.

Mkewe ni Sara, mzaliwa wa vijiji vya ufukweni huko Nyegina. Hawakujaliwa mtoto. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linafungiwa kabatini. Mimi naitwa Mama Happyness, na hata padri ananiita hivyo. Sara alibaki Sara mpaka mvi zikamwingia. Na Rafaeli hakumpa nafasi ya kusahau. Mgeni asiyewajua akimwamkia, "Shikamoo mama," yeye alidakia, "Mama wa nani? Hebu muulize, mama wa nani?" Kisha anacheka peke yake, wengine wanatazama chini.

Mwenyewe alikuwa anaumia, nakubali. Kwetu mtu akifa jina lake hubebwa na wajukuu. Linaitwa uani, linatumwa maji, linachapwa likikosea, linaendelea kuishi. La Rafaeli halikuwa na wa kulibeba. Angeweza kulia pamoja na mkewe juu ya jambo hilo, maana lilikuwa lao wote wawili. Akachagua kumlaumu.

Sarafu zilimwingia baadaye. Ndani ya kopo la saa mbovu aliloletewa mlikuwa na rupia ya Mjerumani. Akaitazama kwa lenzi yake ya kubana jichoni, ile ya saa, na nadhani alichokiona mle kilimfurahisha kuliko uso wa mtu yeyote aliyewahi kumtazama. Toka hapo akaanza kukusanya: rupia, hela za shaba, shilingi za Mwingereza zenye simba, senti za tundu. Kila moja aliifunga kwenye karatasi laini, akazipanga ndani ya kopo la biskuti. Akaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wakusanyaji wenzake wa Mwanza na Dar es Salaam, akajifunza maneno yao, akaanza kuongea kama mtu aliyetoka kusoma ng'ambo.

Pale mezani kwake sokoni wanaume walikuwa wanakaa kupiga soga, na Samwel wangu akiwamo. Hao ndio aliowafundisha. Mimi niliyasikia kwa Samwel baada ya mambo yote kuharibika, lakini nitayasema hapa ili uelewe.

"Sarafu inakuwaga na ngozi," Rafaeli aliwaambia. "Siku inatoka kwenye mtambo inakuwa na mng'ao wake wa kuzaliwa. Ukiigeuza kwenye mwanga, ule mng'ao unatembea, unazunguka sarafu nzima. Halafu hewa inaila polepole, miaka na miaka. Inakuwa nyeusi, inaingia bluu huku pembeni. Watu wanaita uchafu. Si uchafu, ndiyo ngozi yake hiyo. Ukiisugua umeichuna, na fedha haioti ngozi mara ya pili."

"Na hii hapa iliyofutika sura?" Samwel aliuliza, ameshika shilingi ya simba ambayo simba wake alikuwa amebaki kama paka.

"Hiyo imelika. Kulika ni uzee, ni mikono ya watu na mifuko ya watu. Uzee si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mtu anapoisugua mzee ili aonekane kijana."

Alikuwa na majina ya kila dhambi. Kuna sarafu iliyopigwa brashi ya mashine ili ing'ae kwa uongo. Kuna iliyozibwa tundu. Kuna iliyochongwa upya nywele za mfalme kwa sindano. Na kuna iliyopikwa, yaani iliyosuguliwa kwanza, halafu ikafungiwa na mayai ya kuchemsha au ikafukizwa moshi ili irudi nyeusi haraka. Hii ya mwisho ndiyo aliyoichukia zaidi.

Kwa dhambi hiyo alimwaibisha Clementi wa Bunda, mkulima wa pamba, aliyekuja na rupia aliyoachiwa na baba yake. Rafaeli aliiweka jichoni kidogo tu, kisha akapaza sauti soko zima, "Njooni mumwone mwizi! Tundu limezibwa kwa risasi ya kuyeyusha, halafu ikapikwa kwa mayai. Nuseni, bado inanuka!"

"Mzee, mimi sikujua," Clementi alisema. "Baba ameiacha hivyohivyo."

"Basi mwizi ni baba yako."

Baba yake walikuwa wamemzika wiki ileile, na kitambaa cheusi kilikuwa bado kimebanwa kwa pini kwenye shati la Clementi. Aliipokea rupia yake kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga. Wanaume walicheka. Samwel naye alicheka, na siku aliponisimulia nilimnyima chakula.

Basi, huo ndio ukweli wa Rafaeli, na aliuweka sokoni. Nyumbani aliweka uongo.

Wengi wenye kuuza vitu vya marehemu hawaendi navyo sokoni, ni aibu. Walikuwa wanakuja nyumbani kwake kimyakimya, wanakaa kwenye kigoda karibu na mlango, Sara anawaletea chai. Rafaeli anaishika sarafu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Chafu hii," anasema. "Nyeusi namna hii nani anaitaka? Haina thamani. Ingekuwa inang'aa, sawa, ningekupa kitu cha maana." Na mtu wa watu anaona haya, anaiacha kwa chochote.

Namkumbuka bibi mmoja wa Butiama, Bibi Ghati, aliyekuja na rupia aliyoitunza ndani ya chungu tangu usichana wake. Ilikuwa nyeusi katikati, na pembeni ina bluu kama ya mjusi wa kwenye mawe. Rafaeli alikunja pua. Akampa sukari na sarafu mpya ya juzi juzi, inayong'aa. Bibi wa watu akaigeuza ile mpya mkononi, akatabasamu mpaka mapengo yakaonekana.

"Asante, mwanangu. Hata nilikuwaga naona aibu kuileta, ilivyo chafu."

Alipotoka Rafaeli alicheka mpaka akafuta machozi. Sara, aliyekuwa anatoa vikombe, akamuuliza kilichomchekesha.

"Wewe na sarafu wapi na wapi? Kichwa chako kimejaa dagaa. Toa kikombe hicho."

Sasa fikiri wewe mwenye akili. Mwanamke anabeba chai miaka yote hiyo, na kila akiingia sebuleni anasikia neno lilelile kutoka kinywa cha mume wake: nyeusi haina maana, inayong'aa ndiyo yenye maana. Angejifunza nini kingine?

Halafu akatokea Mwalimu Stanislausi. Ni mwalimu mstaafu. Yeye na wazee wenzake walikuwa wanafungua nyumba ya kumbukumbu kule Bunda, chumba kimoja chenye makabati ya vioo, na chini ya kila kitu wanaweka kadi yenye jina la aliyekitoa. Alikuwa ameona picha za Rafaeli kwenye simu, hasa ile rupia ya Bibi Ghati, akaandika kwamba atakuja mwenyewe kuchagua.

Hapo Rafaeli akawa mtu mwingine. Alilisema kila mahali, kanisani, bombani, kwa kinyozi: "Jina langu litakaa chini ya kioo. Watoto wa shule watakuwa wanalisoma. Mimi nitakufa, lenyewe litabaki." Alikuwa akisema hivyo macho yanamlegea, na mimi nisiyempenda nilimwonea huruma kidogo. Hata na Sara aliongea bila tusi. Nilimsikia kupitia ukutani, "Huyo mgeni ni mtu mkubwa. Nisipate aibu ndani ya nyumba yangu. Kila kitu kiwe safi, umenisikia?"

"Nimesikia," Sara alijibu, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

Lazima nikueleze juu ya Sara na usafi. Huko ufukweni kwao wanawake wanaenda na vyombo ziwani, wanachukua majivu na mchanga laini wa majini, wanasugua. Mama mkwe akija kuchunguza binti hamtazami uso. Anageuza sufuria atazame kitako. Kitako cheusi, posa imekufa. Sara hakuwa na mtoto wala jina, ila sufuria zake zilikuwa hazina mpinzani Kamunyonge nzima. Mimi nilikuwa najitazamia kilemba changu humo kabla ya kwenda misa.

Asubuhi ya siku ile Rafaeli alitoka kununua sato na kumpokea mgeni stendi. Kopo la biskuti aliliacha mezani. Sara akalifungua ili apange sarafu kwenye kitambaa, mgeni akute mambo tayari. Akafunua karatasi ya kwanza, nyeusi. Ya pili, nyeusi. Alinisimulia kwamba alihisi joto usoni, kama mtu aliyetandika kitanda cha mgeni akaona shuka ina madoa.

Nilikutana naye anarudi kutoka ziwani amebeba ungo. Alikuwa amesugua zote, kwa majivu, kwa mchanga, akamalizia na ndimu. Zilikuwa zinawaka juani kama dagaa wabichi waliotoka kuvuliwa.

"Mama Happyness, njoo uone," alisema. Alikuwa anacheka. "Leo hatanitukana."

Nami nikazisifu, maana zilikuwa zinapendeza. Tukazifuta pamoja, akazifunga tena kila moja kwenye karatasi yake na kufunika kopo. Alitaka Rafaeli azione mbele ya mgeni, afurahi mbele ya watu. Nikabaki kumsaidia kukaanga samaki, na kwa kweli tuliimba.

Wakaingia. Mwalimu Stanislausi alikuwa mzee mwembamba, mpole wa ile aina ya upole inayoogopesha, na mkoba wa ngozi kwapani. Rafaeli alikuwa na shati jeupe lililonyooka. Alimketisha mgeni dirishani penye mwanga, akalisogeza kopo kwa mikono miwili kama padri na kikombe cha misa. Akafungua karatasi ya rupia ya Bibi Ghati.

Sara alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, anamtazama mumewe usoni, anangoja. Nilimwona anavyongoja. Naomba nisione tena mtu akingoja namna ile.

Rafaeli alifungua karatasi nyingine, na nyingine, haraka haraka, mpaka meza nzima ikawa inang'aa.

Mwalimu alichukua rupia, akatoa lenzi yake, akaigeuza geuza kwenye mwanga.

"Mng'ao hautembei," alisema. "Umelala mahali pamoja. Na huku mistari yote inaelekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Fundi, hizi zimesuguliwa. Majivu na mchanga, nafikiri, halafu ndimu. Ile bluu uliyonitumia kwenye picha imeondoka." Akairudisha kwenye karatasi yake taratibu. "Pole sana. Zilizochunwa mimi siweki kabatini. Mwenye kujua akiziona, ataicheka nyumba nzima."

"Nani kagusa?" Rafaeli aliuliza.

"Ni mimi, mume wangu," Sara alisema. "Zilikuwa chafu. Si ulikuwaga unawaambia watu hapahapa kwenye kigoda, nyeusi haina thamani, inayong'aa ndiyo ya maana? Nikasema mgeni asikute aibu."

Mwalimu aligeuka. "Ulikuwa unawaambia watu hivyo, Fundi?"

Rafaeli hakumjibu mgeni. Alimjibu mkewe. "Mpumbavu wewe. Tasa wa tumbo, tasa wa kichwa. Mungu alipokuumba alikosa udongo." Aliyasema hayo mbele ya mgeni, mbele yangu. Akanyanyua mkono. Mwalimu akasimama, na mkono ukashuka.

Mgeni alikataa chai. Alikuwa amefika mlangoni, anampita Sara, aliposimama na kutazama shingoni mwake.

Sara alivaa rozari, na pamoja na msalaba ilining'inia senti kumi ya Mwingereza, ile yenye tundu katikati. Alivalishwa na bibi yake wa Bugwema siku ya kipaimara, na bibi naye alivalishwa na mama yake. Mimi nilikuwa nimeiona kila siku bila kuiona. Hata Rafaeli alikwishaiita takataka, ndiyo maana haikuwahi kuingia kwenye kopo.

"Naomba, mama," Mwalimu alisema. Sara aliiinua kwa vidole, bado iko shingoni. Mzee aliinama na lenzi yake, akakaa hapo muda mrefu, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii imelika sana, lakini haijaguswa. Imelika kwa jasho la watu. Tazama rangi yake, kahawia moja tu, pande zote, mpaka ndani ya tundu. Ndani ya tundu ndipo waongo wanaposahauga. Hii ningeiweka katikati ya kabati." Akatutazama. "Ni ya nani?"

Sara alifungua mdomo.

"Yangu," Rafaeli alisema. "Nilimpa avae."

Sara akamtazama mumewe. Nadhani hakuamini kwamba hata hilo lingewezekana. Mwalimu, kwa furaha yake, hakuona kitu. Alikuwa ameshatoa kadi nyeupe mkobani, akaandika kwa mwandiko ule mzuri wa walimu wa zamani: Rafaeli Mafuru, Kamunyonge. Akasema anaenda Nyegina kuangalia jembe la zamani, hataki kuzunguka na kitu kama hicho mfukoni, na jioni atapita kuichukua akielekea Bunda.

"Mpaka nirudi msiiguse," alisema, na safari hii alimwambia Sara, polepole, kama mtu anayetaka aeleweke. "Msiioshe. Msiifute hata kwa kanga. Rangi hiyo ndiyo ushahidi wake. Ikisuguliwa itakuwa kama hizo za mezani, na sitaichukua. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Katika ndoa yake yote, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyemweleza Sara jambo lolote juu ya sarafu.

Mgeni alipokwenda, Sara alisema taratibu, "Ile ni ya bibi yangu. Unajua."

"Bibi yako nani anamjua?"

"Mimi namjua."

"Wewe ukifa nani atamjua? Lete hapa."

"Rafaeli, nakuomba. Chukua zote, hii niachie."

Ndipo akasema neno ambalo mimi, niliyezaa na kuzika, sijasikia baya kulipita. "Tumbo lako lilininyima jina. Shingo isininyime."

Akaikata kamba mwenyewe kwa kikasi chake cha saa. Shanga za rozari zikamwagika sakafuni. Akaitoa senti, akaiweka juu ya karatasi nyeupe katikati ya meza, akazivuka zile shanga, akatoka. Alikuwa anaenda sokoni kuwaita wenzake waje washuhudie jina lake likichukuliwa.

Sara alipiga magoti akaokota shanga, akazitia kwenye kanga yake. Hakulia. Mimi nilisimama na mwiko mkononi kama mjinga. Alipomaliza alikusanya vyombo vyote vya asubuhi ndani ya sufuria kubwa: kikaango, sahani, vikombe ambavyo havikunywewa chai. Kisha akanyoosha mkono mezani, akaichukua senti ya bibi yake, akaitia humo pamoja na vyombo.

"Mama Happyness," alisema, "majivu yako yako wapi? Yangu yaliisha asubuhi."

"Sara, ni ya bibi yako hiyo."

"Ilikuwa."

Alikuwa ameelewa yote aliyoyasema mwalimu, na mimi nilikuwa nimeelewa. Nilienda jikoni kwangu, nikampa majivu. Nikayachekecha kwanza, yawe laini. Sijutii.

Nilimfuata mpaka ziwani. Aliviacha vyombo vingine, akaanza na senti. Alichota mchanga, akachanganya na majivu, akasugua kwa kidole gumba, mbele na nyuma. Ile rangi ya kahawia ilitoka ikayeyuka majini kama kahawa, jasho la mama wa bibi, na la bibi, na lake mwenyewe. Chini yake kukatokea shaba nyekundu, mbichi, kama kidonda kilichobanduliwa kigaga. Akachukua kijiti, akakiingiza ndani ya tundu, akasugua na humo, pale ambapo waongo husahau. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, huku anasugua, na hakuacha mpaka akamaliza. Halafu akasugua sufuria.

Jioni sebule ilijaa. Rafaeli alikuwa amekuja na wanaume wote wa pale mezani kwake, Samwel wangu akiwa kati yao, kila mtu ameketi kiheshima kama kwenye posa. Rafaeli alipoikosa senti mezani aliuliza iko wapi. "Nimeiweka vizuri," Sara alijibu kutoka jikoni, na Rafaeli akatulia. Tangu lini mwanamke mwenye kichwa cha dagaa akafanya hila?

Mwalimu Stanislausi aliingia, akaketi, akatoa ile kadi na kuishika tayari. Sara akaja na sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Alipiga goti mbele ya mgeni.

"Karibu, mwalimu," akasema, akafunua.

Iliwaka. Hata mimi nilishtuka. Ilikuwa nyekundu na inang'aa kama imetengenezwa jana.

Mzee aliitazama bila kuigusa. "Mama," alisema, "nilikuomba msiiguse."

Rafaeli aliruka kutoka kwenye kiti. "Umefanya makusudi! Wewe mwanamke, ulisikia, umefanya makusudi! Ile ilikuwa ya—"

Akajikatiza hapo hapo, mdomo wazi.

Sara hakuinuka. Alimjibu mgeni, si yeye. "Ingekuwa ya bibi yangu nisingeigusa, mwalimu. Lakini yeye amesema ni yake. Na vitu vyake ndivyo ninavyosafishaga."

Mwalimu alimgeukia Rafaeli. Hakuwa mpole tena. "Fundi, nimeuliza asubuhi, nauliza tena mbele ya wenzako. Ilikuwa ya nani?"

Wanaume wote walimtazama. Samwel alikohoa. Nje mtu alikuwa anaita kuku wake walale. Rafaeli aliitazama ile senti, akamtazama mkewe aliyepiga goti, akaitazama kadi yenye jina lake mkononi mwa mzee, na midomo yake ikachezacheza.

Mwishowe Mwalimu aliikunja kadi, akaitia mfukoni, na kumwomba Sara maji ya kunawa ili ale samaki wake.